Mkebe wa Sita

Nordhaug, North Dakota
Jumatatu, 22 Februari 1937

Dada yangu mpendwa Dagny,

Nakusalimu kwa mapenzi yote, nikitumaini barua hii itakukuta umeketi mahali penye joto pamoja na shemeji Arvid, na kwamba kile kikohozi chake cha tangu Krismasi kimemwachia. Mimi huku ni mzima wa mwili. Vidole vya miguu bado ninavyo vyote, jambo ambalo si kila mtu wa Nordhaug anaweza kulisema msimu huu. Soksi ulizonifumia zilifika pamoja na barua zako, na ninaandika nikiwa nimezivaa, jozi juu ya jozi.

Najua umeninunia. Uliniuliza swali moja tu: je, nimuuzie yule bwana wa Fargo sinema yetu aigeuze duka la matrekta, nije kukaa nanyi Minneapolis katika chumba cha nyuma? Umeningoja nikujibu, nami nimekaa kimya kama jiwe. Theluji ina sehemu yake ya lawama, maana reli ilifungwa mara mbili, lakini sitaitwisha theluji mzigo wangu wote. Sikukujibu kwa sababu kuna jambo lilinitokea, na jibu lako limo humo. Nivumilie nikusimulie tangu mwanzo, kisha utaniambia kama nimerukwa na akili.

Tangu tumzike mume wangu Anders mwezi wa Novemba, nyumba hii imekuwa na kimya ambacho sikujua kipo duniani. Watu walikuja, sikatai. Walileta samaki na mikate ya viazi mpaka nikakosa pa kuiweka. Kisha wakaacha kuja, na hawakuacha kwa ubaya. Unawajua watu wetu. Mtu wa hapa hagongi mlango wa mwenzake bila sababu ya kuitaja pale kizingitini: amekuja kurudisha nyundo, au kuuliza kama mayai yapo. Na anayekwenda kwa mjane, sababu yake lazima iwe nzito zaidi, kwa kuwa nyuma ya kila pazia kuna macho. Mimi nami ni mtu wa hapa hapa, kwa hiyo sikwenda kwa mtu. Wahenga walisema upweke ni uvundo, nami, Dada, nilianza kujinusa. Nilifika mahali pa kuzungumza na projekta. Ikikwama naitukana, ikikubali naiomba radhi.

Hata kahawa niliacha kuichemsha ya kutosha birika. Unaukumbuka ule mchezo wetu ambao marehemu mama alitufundisha kwa kutufinya chini ya meza. Unamkaribisha mgeni kahawa, anasema hapana, asante, asikusumbue. Unamkaribisha tena, anasema amekunywa sasa hivi kwake. Mara ya tatu ndipo anaposema basi, nusu kikombe tu, kisha anamaliza birika. Mtu akikubali mara ya kwanza, watasema hakulelewa. Mimi sikuwa na wa kunikatalia hata mara moja.

Basi mwishoni mwa Januari treni ikaniletea picha mpya, nayo inaitwa *Maiti Kwenye Mitambo*. Ni picha ya bei ya chini kabisa, na ndiyo maana niliimudu. Inamhusu mwandishi mmoja wa gazeti, Mickey Dolan, mwenye kofia asiyoivua hata akiwa kitandani na mdomo unaokwenda mbio kuliko miguu. Mhariri wake anakutwa amekufa kwenye mitambo ya kuchapia magazeti, na Dolan anaapa kumpata muuaji kabla ya polisi. Wanaoshukiwa ni mjane wa mwenye gazeti, mpiga picha mlevi, mhasibu mwenye miwani, na msichana wa simu, anayeunganisha simu za gazeti. Dolan akibamiza mlango, ukuta mzima unatikisika kama shuka kwenye kamba. Taa ya mezani iliyo ofisini kwa mhariri ndiyo iliyo kwenye kituo cha polisi, na ndiyo hiyo hiyo iliyo sebuleni kwa yule mjane. Sivert, kinyozi wetu, alisema taa hiyo ndiye mwigizaji pekee aliyestahili mshahara.

Ijumaa hiyo watu walijaa viti vya mbele, kwa sababu theluji ilikuwa imeanza na hapakuwa na pengine pa kwenda. Nilianza mkebe wa kwanza wa filamu, kati ya sita, nikaenda wa pili, mpaka wa tano. Mwishoni mwa wa tano Dolan amewafungia washukiwa wote chumbani. Ananyoosha kidole. Anasema muuaji yumo humu humu, tena jina lake ni... Nikawasha mkebe wa sita. Dada, wakatokea farasi. Farasi wengi, na wachunga ng'ombe wenye bastola wakikimbizana jangwani. Wale wa kampuni inayonikodisha picha walikuwa wamenitilia mkebe wa picha nyingine kabisa. Watu walitazama farasi kwa muda mrefu, wakidhani ndiyo hadithi inaendelea, mpaka Halvor wa stesheni alipopiga kelele kutoka nyuma kwamba kumbe muuaji ni yule farasi mweupe, alimshuku tangu mwanzo.

Nilikwenda mbele nikawaomba radhi, nikawaambia mkebe halisi uko njiani, labda umeshushwa mji mwingine, na tiketi zao zitafaa siku utakapofika. Nilitarajia wanung'unike waondoke. Hawakuondoka. Walisimama pale mlangoni wamevaa makoti yao, wakabishana. Halvor alishikilia ni mpiga picha, kwa kuwa mlevi akikosa senti ya kunywea hana rafiki. Sivert alisema, wewe Halvor huna unalolijua, ni yule mjane, wajane wa matajiri ndio walivyo. Bi Petra, mke wa mchungaji, akamkanyaga mguu waziwazi na kumwambia atazame yuko nyumbani kwa nani. Sivert aliiva uso mpaka masikioni. Mimi nilicheka, Dada. Nilicheka kwa sauti, na sauti yenyewe ilinishtua.

Usiku huo reli ikafungwa. Siku ya pili yake, jioni, mlango ukagongwa. Alikuwa Halvor, amekuja kunijulisha rasmi kwamba treni haijafika, jambo ambalo hata mbwa walilijua. Nikamkaribisha kahawa, akakatalia mlangoni. Nikamkaribisha tena, akakataa huku anavua viatu. Alipokubali, Sivert akatokea, kuuliza kama Halvor ameleta habari za mkebe. Kisha Bi Petra akaja kuhakikisha kwamba sikai na wanaume wawili peke yangu. Mwisho akaja Eilert Moen, yule mkulima kapera wa ng'ambo ya mto, ambaye nadhani ulimwona mazishini, mrefu, ameinama kidogo, mikono haijui pa kukaa. Yeye hakutaja sababu yoyote. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, akakataa kahawa mara tatu kamili, akakubali mara ya nne, akanywa kweli nusu kikombe.

Ikawa desturi. Kila jioni jikoni kwangu, nyuma ya sinema, meza ilijaa. Mkebe uliopotea ulikuwa sababu, na sababu ilikuwa nzuri kwa sababu haikuwa na mwisho. Mara wanataka nirudie mkebe wa pili ili waone mhasibu alishika mlango kwa mkono upi, basi tunahamia ukumbini na mablanketi yetu, naendesha projekta, wanabishana gizani. Halvor akimwambia Sivert, bwana wewe kazi yako vichwa lakini hutumii chako. Sivert akimjibu kwamba yeye walau kazi yake inafika, treni je? Bi Petra alishona kitambaa kizima cha mezani akimtetea msichana wa simu, kwamba binti mwenye sauti ya upole vile hawezi kuua hata inzi. Eilert peke yake hakusema neno. Walimuuliza, wakamtania, Halvor akamwambia, Eilert ndugu yangu, hata ng'ombe wako wana maoni. Alitabasamu akatazama kikombe chake. Nami nilikuwa nachemsha birika mbili, na asubuhi naamka nikiwa na jambo la kungojea. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilikuwa napona, Dada.

Sasa nifike kwenye lile ambalo nimekuwa nikilizunguka kama paka na maziwa ya moto.

Mkebe ulifika. Reli ilifunguliwa siku moja katikati ya Februari, treni ya kusukuma theluji ikapita, na nyuma yake treni moja ya barua, kisha dhoruba ikaifunga tena. Nilikwenda stesheni kuchukua barua zako. Halvor alinipa, na pamoja nazo akanipa mkebe wa bati wenye jina la picha na namba sita, amenyamaza isivyo kawaida yake. Nilimwambia nitawatangazia watu. Akasema sawa, Bi Ragna. Nikarudi nyumbani nimeukumbatia ndani ya koti. Nilikusudia kutangaza jioni ile ile, Mungu ni shahidi. Kisha nikasimama jikoni nikavitazama vikombe vimepangwa, nikaona wazi kitakachofuata. Watatazama dakika zile kumi za mwisho, watamjua muuaji, watashukuru, watavaa kofia. Kesho yake hakuna sababu tena. Nikafungua pipa la unga kwenye ghala la baridi, nikauzika mkebe humo, nikafunika.

Jioni walipokuja wakauliza, kuna habari? Nikasema hakuna. Halvor alikuwa ameketi pale pale, na hakunitazama. Nilidhani ananionea huruma, au amesahau. Kwa siku zote zilizofuata nilioka mikate kwa unga wa juu juu, nikiogopa kijiko kisigonge bati.

Ningeendelea hivyo hadi theluji iyeyuke kama si Bi Petra. Alhamisi iliyopita, anaondoka, alinishika mkono akaniambia kwamba kila asubuhi anauombea mkebe ule, popote ulipo, Mungu auhifadhi. Sikulala. Kuwadanganya majirani niliweza, lakini kumsumbua Mungu atafute kitu kilicho ndani ya unga wangu, hilo lilinishinda.

Jumamosi nilisimama mbele ya kitambaa cheupe cha kuonyeshea picha, mkebe mikononi, bado una unga pembezoni. Niliwaambia umefika siku nyingi na kwamba niliuficha. Niliwaambia pia kwa nini, na hilo lilikuwa gumu zaidi, maana kwetu sisi mtu hasemi mbele za watu kwamba yuko mpweke. Afadhali useme umeiba.

Hakuna aliyeshangaa. Wote walitazama sakafu, kila mtu na ubao wake. Mwishowe Sivert akakohoa, akasema, Bi Ragna, sisi tulijua. Halvor alikuwa amemwambia yeye siku ile ile kabla treni haijaondoka, na jambo ukimwambia kinyozi umelibandika ukutani. Mji mzima ulijua. Nikamgeukia Bi Petra nikamuuliza, hata wewe, na zile dua zako? Akajibu bila kupepesa kwamba aliomba Mungu auhifadhi mkebe popote ulipo, na je, haukuhifadhiwa? Mke wa mchungaji, Dada! Nikawauliza, basi mlikuwa mnakuja kufanya nini? Halvor akasema kahawa yangu si mbaya, na kwa mtu wa hapa hayo ni maneno mengi mno.

Tukautazama. Ningekuwa na uwezo ningekuficha mwisho wenyewe, maana ni aibu. Muuaji ni pacha wa yule mhariri. Pacha! Hakutajwa popote katika mikebe mitano, hatujamwona hata kivuli. Anaingia mlangoni, ukuta unatikisika, anakiri yote bila kuulizwa, Dolan anamvisha pingu na kumbusu msichana wa simu. Basi. Taa ile ile ikionekana nyuma yao. Sivert akauliza ndilo hili tulilokuwa tunagandia? Wakacheka wote, nami nikacheka. Lakini kicheko kilipokwisha, walianza kutafuta kofia zao. Waliniaga kwa adabu, mmoja mmoja, wakanishukuru kwa picha. Bi Petra alikunja kitambaa chake kilichokwisha kushonwa. Eilert alitoka wa mwisho, akasimama kidogo kizingitini kama mtu aliyesahau kitu, kisha akaenda zake.

Jana Jumapili kanisani walinisalimu vizuri. Jioni nikachemsha birika mbili kwa mazoea. Nikapanga vikombe. Nilisikiliza theluji ikianguka kutoka paani, kila kishindo nikidhani ni buti za mtu. Hakuja mtu. Leo tena nimechemsha, nikavipanga, nikakaa hapa mezani na karatasi hii. Imeshapita saa wanayokuja. Wao si wabaya, Dagny. Walijua hawana sababu, walikuwa wakijifanya wanayo, na sasa hata kujifanya hakuwezekani kwa kuwa mimi mwenyewe nimeuvunja mchezo kwa ukweli wangu. Huenda ingekuwa heri kama ningenyamaza. Nimevirudisha vikombe vyote kabatini nikaacha changu. Nilipoanza barua hii nilikuwa nimekwisha amua jibu lako, nalo lilikuwa hivi: mwambie yule bwana wa Fargo alete karatasi zake, nami niandalie kile chumba cha nyuma. Nilikuwa nimefika hasa hapo pa kuliandika.

Nimelazimika kuiweka kalamu. Mlango umegongwa.

Ni Eilert Moen. Amekuja kwa miguu kutoka ng'ambo ya mto, theluji imemfika magotini, ndevu zimeganda. Nilimfungulia nikangoja sababu yake. Alisimama akizungusha kofia mikononi, kisha akasema kwa pumzi moja kwamba mwisho ule si wa kweli. Nikamuuliza una maana gani. Akasema amelifikiria jambo hilo akikamua ng'ombe, jana na leo, na pacha hawezi kuwa muuaji. Ni msichana wa simu. Katika mkebe wa pili, akasema, yule msichana anasema hakuondoka kwenye simu zake. Lakini anaonekana na kipini cha maua upande wa kushoto wa kifua, na Dolan akigeuka tu, kipini kiko kulia. Basi alivua vazi lake, Bi Ragna. Alivaa ovaroli ya wafanyakazi wa mitambo, akaenda, akarudi, akavaa upya kwa haraka. Alikuwa amekiona tangu Ijumaa ile ya kwanza. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku zote hizo. Akatazama viatu vyake akasema kwamba alidhani akishasema, hatakuwa na cha kujia tena.

Dada, mimi nimeishi na picha za bei rahisi miaka mingi. Kipini kilihama kwa sababu nusu ya tukio ilipigwa Jumanne na nusu Alhamisi, na hakukuwa na mtu wa kulipwa kuangalia vipini. Ningeweza kumwambia hivyo kwa sentensi moja. Badala yake nilimwambia jambo hilo ni zito, itabidi tuirudie mikebe yote tangu wa kwanza, na kwamba kampuni haiwezi kuidai picha yake mpaka reli ifunguliwe, na reli si ya leo.

Amekaa hapa sasa, si kwenye kile kiti cha mlangoni, amekaa mezani, buti zake zinavuja maji sakafuni. Nimemwambia namalizia barua ya dada yangu mkubwa, naye amesema nikusalimu, kisha akanyamaza kwa namna yake, na kimya hicho hakinisumbui. Nimetoa kikombe cha pili kabatini. Nimemuuliza kama atakunywa kahawa, nikajiandaa kumuuliza tena.

Amesema ndiyo. Mara ya kwanza tu, Dagny, akiwa ananitazama.

Basi mwambie bwana wa Fargo atafute matrekta yake pa kulala kwingine. Mpe Arvid pole zangu na asali kwa kikohozi chake, wabusu watoto, na usininunie tena. Chumba cha nyuma kiweke tu mashuka, nitakuja kuwatembelea kiangazi, nikiwa na sababu ya kuitaja mlangoni.

Mdogo wako akupendaye,

Ragna